Miavuli Mitano kwa Konomi

Kapuskasing, Ontario
14 Januari 2002

Mpendwa Mama Mwavuli,

Samahani kwa kutolijua jina lako halisi. Kwenye tovuti yako umeweka sanduku la posta tu, kwa wale wanaotaka kubadilishana kanda za video. Basi nimekuletea kanda: vipindi vinne vya katuni yetu ya Kijapani, Kikosi cha Mvua, vyenye tafsiri chini. Picha inatetemeka kwa sababu ni nakala ya nakala, lakini sauti ni safi.

Kanda ni chambo, nisikufiche. Mimi ndiye ninayeandika kwa jina la Theluji ya Juni. Hadithi yangu ya mtandaoni kuhusu kikosi hicho, Taa za Daraja la Saba, uliipima kwenye tovuti yako ukaipa miavuli miwili kabla ya Krismasi. Kipimo chako nakijua kwa moyo: miavuli mitano, hata tone halikukupata; mmoja, umelowa mpaka soksi; bila mwavuli, ni mafuriko, watu wakimbilie vilimani. Mitano hujampa mtu tangu uanze. Sikuitegemea. Lakini miwili, dada!

Uliandika hivi: “Huyu Konomi, mhusika aliyebuniwa na mwandishi mwenyewe, ni Bi Kamili wa kutupwa. Akiimba, mvua inakatika. Akilia, paka wanamzunguka. Kapteni Tokiwa, ambaye kwenye katuni hajamtabasamia hata mama yake, anampikia supu. Jamani, huyu binti haendi chooni?”

Nilicheka sana. Kisha nikaenda kazini, kwenye duka la mikate, nikaunguza trei nzima ya keki za asubuhi.

Wewe unajua watu wetu walivyo. Ukitoa mitatu, wanamiminika kusoma. Ukitoa miwili, hakuna anayegusa. Nimebaki na msomaji mmoja tu wa kudumu. Sikulaumu, nauliza tu: mtu akishakatwa mwavuli kwa kosa la Bi Kamili, kuna njia ya kurudishiwa?

Wako,
Odile Charbonneau

*

Bemidji, Minnesota
29 Januari 2002

Theluji ya Juni, shoga yangu,

Chambo nimekimeza, na ndoano yake. Jina langu ni Maren Haugen. Nafanya kazi maktaba ya mji, upande wa vitabu vinavyorudishwa, maana yake ni kwamba mimi ndiye ninayepangusa jamu kwenye vitabu vya watoto. Nikitoka hapo naenda nyumbani kusoma hadithi zenu. Mama yangu anasema ninakufa mseja.

Sasa tuje kwa Konomi wako. Usinielewe vibaya, kalamu unayo. Lile daraja lenye taa, mpaka nikasikia baridi. Lakini mtu anayesoma hadithi za Kikosi cha Mvua amekuja kumwona Tokiwa, hakuja kutambulishwa kwa binamu wa mwandishi. Hata mimi nilikuwa na Bi Kamili wangu, macho ya zambarau, nywele mpaka magotini, anapiga kinanda. Nikamwua kwa homa sura ya tisa, na siku hiyo ndipo nilipoanza kuandika.

Njia ya kurudishiwa mwavuli ipo. Mwue.

Nacheka, lakini sitanii. Mwue vizuri, juu ya lile daraja lako, Tokiwa akiwa amechelewa. Ukifanya hivyo nitaipima upya hadithi yote. Kanda yako narudisha pamoja na vipindi vitatu ambavyo nina hakika huna.

Maren

*

Kapuskasing
15 Februari 2002

Dada Maren,

Kanda nimepokea, na nimeangalia kipindi cha gari moshi mara nyingi mpaka mashine ya video ikaanza kulalamika. Asante sana.

Ushauri wako umenikaa kichwani. Tatizo ni kwamba Konomi si wangu peke yangu. Kuna mtu anamfuatilia kwa karibu, na sijui atachukuliaje. Lakini hayo yaache, ni mambo yangu.

Ninachotaka kukuuliza ni hiki. Sura tatu za kwanza nakubali, nilimpamba kupita kiasi. Niliziandika katika kipindi ambacho nilikuwa na sababu ya kutaka awe malaika. Lakini kuanzia sura ya nne si amebadilika? Mwenyewe naona kama amekuwa mtu kabisa. Au macho yangu yananidanganya kwa mapenzi? Niambie ukweli, kwa sababu wewe ndiye pekee mwenye jicho kali upande huu.

Odile

*

Bemidji
4 Machi 2002

Odile mpenzi,

Ndiyo, mabadiliko nimeyaona, nakupongeza. Lakini msomaji akishamtia mtu kwenye kapu la Bi Kamili, kumtoa ni kazi. Sura tatu za mwanzo ndizo zinazomjenga mtu kichwani. Ndivyo tulivyo, tusidanganyane.

Na huyo mtu anayemfuatilia, mwambie hivi: hadithi nzuri haimwachi mtu jinsi ilivyomkuta. Akikupenda ataelewa.

Huku barafu ya ziwa imeanza kutoa sauti. Nimekuwekea kanda mbili za kikosi cha zamani, zile ambazo Tokiwa bado ana nywele ndefu. Nimewaambia watu wa ukurasa wangu kwamba kuna hadithi ya kaskazini ambayo ikikamilika huenda ikavunja rekodi. Sikutaja jina, lakini wameshaanza kukisia. Usiniangushe, shoga.

Maren

*

Kapuskasing
22 Aprili 2002

Dada Maren,

Nimeona. Nimeona!

Nilifungua ukurasa wako kwenye kompyuta ya maktaba, na mzee aliyekuwa ananisubiri nimalize zamu yangu akadhani nimefiwa. Miavuli mitano! Ya kwanza kabisa! Watu wanaandika maoni kila saa. Mmoja anasema alilia kwenye basi Konomi alipoteleza kutoka darajani na mwavuli wake ukabaki juu unazunguka peke yake. Nilikuwa naijua sentensi ile ni nzuri wakati naiandika. Niliumia na nilifurahi, vyote kwa pamoja. Sijui kama hilo ni jambo la kawaida.

Niambie, wewe baada ya kumwua Bi Kamili wako ulijisikiaje? Mimi yule msomaji wangu wa kudumu amenyamaza. Jumapili tatu sasa. Kabla ya hapo hakuwahi kuruka hata moja. Najiambia ana shughuli, mitihani iko karibu. Lakini nikiwa nakanda unga najikuta nasikiliza simu, na simu ya dukani haina hata uhusiano na mimi.

Samahani, umenipa zawadi nami nakuletea huzuni. Asante. Kweli asante.

Odile

*

Lethbridge, Alberta
12 Mei 2002

Kwako Bibi Mhakiki,

Anwani yako umeiweka mwenyewe kwenye tovuti, kwa hiyo usishangae. Sina kanda ya kukuletea. Nina swali.

Naitwa Josette Charbonneau, nina miaka kumi na minne. Theluji ya Juni ni dada yangu, baba mmoja mama mmoja. Konomi ni mimi. Yaani mimi ndiye Bi Kamili wako wa kutupwa, na ndiyo, chooni naenda.

Ilikuwa hivi. Mama alishafariki, mimi nilikuwa nakaa na Baba na Odile. Odile akahamia chumba chake karibu na duka la mikate. Halafu Baba akapata kazi ya mafuta huku Alberta. Nilimwomba Odile nibaki naye. Akasema chumba ni kidogo. Ni kweli ni kidogo, mlango ukifunguliwa unagonga kitanda. Nikaja huku. Mwezi uleule akaanza kuandika hadithi, na ndani yake kuna Konomi anayeimba mvua ikakatika. Nilipiga simu nikamwambia, “Wewe Odile, huyu nani? Mimi siimbi. Niharibu kidogo.” Akacheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo kila Jumapili nampigia, namweleza ujinga wote nilioufanya wiki hiyo, naye anauweka kwenye sura inayofuata. Ndivyo tulivyokuwa tunaongea. Hatuna njia nyingine, sisi si watu wa kuambiana nimekukumbuka.

Sasa swali. Kwenye tathmini yako ya mwisho umeandika: “Hatimaye binti asiyewahi kukosea amefanya jambo moja la maana: amekufa.”

Asiyewahi kukosea! Sura ya nne nimeunguza jiko la kikosi. Sura ya sita nimeiba baiskeli, nikairudisha haina kengele. Sura ya saba nimefeli mtihani nikamsingizia rafiki. Sura ya nane namtukana Kapteni Tokiwa, na maneno yale ni yaleyale niliyomwambia Odile pale stesheni siku naondoka. Tokiwa ni yeye, kama hujui. Aliyaandika bila kupunguza ukali hata kidogo. Nilipoyasoma niliona ni kama ananiomba msamaha, na mimi nikamsamehe.

Bibi Mhakiki, ulizisoma sura hizo? Ndiyo au hapana.

Wenzangu shuleni nilishawaambia Konomi ni mimi. Sura ya kumi na mbili, ninapokufa, niliisoma kwenye kompyuta ya shule, nao wamesimama nyuma yangu. Mara ya kwanza chumba kilikuwa kidogo. Sasa hata kwenye hadithi hakuna nafasi.

Bi Kamili mwenyewe,
Josette

*

Bemidji
24 Mei 2002

Mdogo wangu Josette,

Hapana. Sikuzisoma.

Wewe umeuliza moja kwa moja nami nikijizungushazungusha nitazidi kuaibika. Hadithi ninazoletewa ni nyingi kuliko siku nilizonazo. Nikajiwekea desturi: sura tatu za mwanzo na ya mwisho, halafu kipimo. Sikuwahi kumwambia mtu. Watu walikuwa wananisifu kwa jicho kali, nikaona hakuna haja ya kuwaharibia furaha. Dada yako aliniuliza waziwazi kuhusu sura ya nne, na nikamjibu nimeona mabadiliko. Nilidanganya, tena kwa mkono mwepesi kabisa, nikahamia kuzungumzia barafu.

Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni na koti sijavua. Nakuomba jambo moja, ingawa sistahili kuomba: usimwambie Odile kabla yangu. Niachie nimwambie mwenyewe.

Maren Haugen

*

Lethbridge
3 Juni 2002

Bibi Mhakiki,

Sitamwambia. Siongei naye, kwa hiyo siri yako iko salama kuliko benki.

Lakini usikae unasema unanisubiri mimi. Sema wewe. Na umwambie leo, si siku utakayojisikia vizuri.

Josette

*

Bemidji
10 Juni 2002

Odile mpenzi,

Uniwie radhi kwa kimya. Maktaba tumeanza programu ya watoto ya kiangazi na jamu imekuwa nyingi kuliko vitabu. Nimepata kanda ya filamu ya kikosi, ile waliyoionyesha huko Japani mwaka jana. Tafsiri ni mbovu, Tokiwa anasema “nitakuoshea jeshi lako”, lakini ukiizoea inaleta burudani. Nitakutumia.

Watu bado wanaulizia hadithi yako. Wewe unaendeleaje? Unalala? Unakula hizo keki au unauza tu?

Na mdogo wako, mmeshaongea?

Nakukumbuka sana,
Maren

*

Kapuskasing
21 Juni 2002

Maren,

Nimeisoma barua yako mara kadhaa. Nimetoa na zile za nyuma zote nikazipitia, pamoja na nakala za zangu, kwa maana mimi huandika rasimu kwanza.

Sijawahi kukuambia nina mdogo. Nilikuambia kuna mtu. Nilikuambia msomaji.

Nani kakuambia?

Odile

*

Bemidji
2 Julai 2002

Odile,

Josette aliniandikia Mei. Nilimwahidi nitakuambia mwenyewe, kisha nikakaa chini kukuandikia, kalamu ikakimbilia kwenye filamu na keki. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia hapa.

Sikuisoma hadithi yako. Nilisoma sura ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu ya kumi na mbili. Ndivyo nilivyokuwa nawafanyia wote. Wewe uliponiuliza kama Konomi amebadilika, nilikuwa sijui hata unazungumzia nini. Nikakuambia umwue mtu ambaye sikuwa nimekutana naye. Na ulipomwua nikakupa mitano, kwa sababu sentensi ya mwavuli ilikuwa nzuri, na kwa sababu nilishakuwa rafiki yako, na kwa sababu nilishawatangazia watu kwamba rekodi itavunjwa. Sababu zote tatu zilikuwa zangu.

Baada ya barua ya mdogo wako nilichapa karatasini sura zote nane nilizoziruka, nikakaa nazo bustanini nyuma ya maktaba wakati wa chakula. Odile, Konomi ni mtu. Ni msumbufu, mwizi, mwongo, na ni mchekeshaji kweli. Pale anapoirudisha baiskeli na kuacha barua kwamba kengele “imekwenda kutembea”, nilicheka peke yangu mpaka bosi akachungulia dirishani. Sura ya nane nililia. Yale maneno ya Konomi, “Kuna nafasi ya miavuli yako yote humu ndani, nafasi ya mimi ndiyo haipo,” tayari nilijua kutoka kwa barua yake kwamba ni ya mtoto wa kweli, aliyoyasema stesheni.

Kama ningesoma mpaka sura ya nane tu, ningekuambia umguse Konomi uone.

Nimefunga ukurasa wa vipimo. Nimeandika pale juu kwamba nilikuwa sisomi hadithi zote mpaka mwisho, nikaomba radhi. Watu wananitukana na wana haki. Hilo halikurudishii kitu, najua. Ningekuwa na njia ya kukirudisha nisingekaa naandika.

Maren

*

Kapuskasing
15 Julai 2002

Maren,

Siku mbili za kwanza nilikuchukia, nisikufiche. Nilikuwa nakanda unga kama napiga mtu, mpaka mwenye duka akaniuliza kama nina ugomvi na mkate.

Halafu chuki ikaisha, na kilichobaki ni kibaya zaidi.

Wewe hukumsoma. Mimi nilimlea. Mama alipofariki Josette alikuwa na miaka sita, mimi ndiye niliyekuwa namsuka nywele, namfunga kamba za viatu, nasaini karatasi zake za shule kwa mwandiko wa Baba. Wewe ulisema mwue mtu usiyemjua. Mimi namjua mpaka anavyopumua akiwa usingizini, na bado nilimpandisha darajani.

Tena nitakuambia ambalo hata yeye halijui. Chumba hakikuwa kidogo kiasi hicho. Mwenye nyumba alikuwa na kingine kikubwa ghorofa ya juu, aliniambia kabisa nichukue. Nilikataa. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nimechoka kuwa mama wa mtu, nilitaka kurudi jioni niangalie kanda zangu bila kuulizwa kuna nini cha kula. Ndiyo maana sura tatu za mwanzo Konomi ni malaika. Mtu uliyemfukuza ni rahisi kumpamba. Halafu yeye mwenyewe kwa simu akanifundisha kumwandika alivyo, na nikawa naye kila Jumapili bila kumpa hata godoro. Nilidhani nimepata njia ya kuwa na mdogo wangu bila gharama yoyote.

Uliponiambia nimwue nilikasirika kidogo, kisha nikasikia nafuu. Hiyo nafuu ndiyo inayonimaliza. Miavuli mitano ilikuwa kisingizio kizuri tu.

Kwa hiyo usinibebee kosa langu. La kwako ni dogo, kaa nalo wewe.

Nimempigia. Yule mama anayekaa na Baba anapokea, anasema Josette yuko nje. Nyuma nasikia televisheni, na nasikia inapunguzwa sauti. Nimemwandikia barua, nimemweleza habari ya kile chumba cha juu, yote. Nimemwambia nimekichukua mwezi huu, kina dirisha la kuangalia mto. Hajajibu.

Odile

*

Lethbridge
9 Agosti 2002

Dada Maren,

Nimeona ulichoandika kwenye tovuti. Umepigwa mawe vizuri. Pole, lakini si sana.

Nimeanza hadithi yangu. Inaitwa Upande wa Pili wa Daraja. Konomi anaanguka majini na anaamka kwenye mji mwingine wa mvua, hakuna anayemjua huko, anajipanga upya. Nimeweka sura mbili. Sarufi yangu ni mbovu na kila mtu anazungumza kama mimi, ninajua, usiniambie.

Nataka uisome yote, kuanzia mstari wa kwanza. Sitaki mwavuli. Sitaki hata nusu ya mwavuli. Nataka uniambie tu ulicheka wapi na ulichoka wapi.

Odile akitaka kusoma, mtandao ni wa watu wote. Asome kama wanavyosoma wengine. Barua yake nimepata. Mwambie, au usimwambie, shauri yako.

Josette

*

Bemidji
19 Agosti 2002

Odile,

Nakupa anwani ya ukurasa nyuma ya karatasi hii, kwa mwandiko mkubwa usije ukakosea herufi. Ni hadithi ya Josette. Hajanikataza nikuambie, na kwa mtoto yule naona hiyo ni ruhusa. Barua yako kuhusu chumba ameipata.

Nimeisoma yote, neno kwa neno, kisha nikairudia. Nimemwandikia kurasa nne za mahali nilipocheka. Kuna pahali pamoja tu nilipochoka, na nimemwambia.

Soma umekaa. Sikwambii zaidi, maana safari hii ningependa usome wewe kabla ya kusikia maoni yangu.

Maren

*

Kapuskasing
6 Septemba 2002

Dada Maren,

Nimesoma. Sasa ziko sura tatu. Nilipomaliza niliomba zamu nyingine ya kompyuta, nikaanza tena.

Nilikuwa nimejiandaa kuuawa. Ningemwelewa, ningemwambia haki yako mdogo wangu, jino kwa jino. Nilimtafuta Kapteni Tokiwa kila mstari. Hayupo. Hakufa, hakusafiri, hakusemwa vibaya. Konomi ana njaa sura ya kwanza, nikasema hapa atakumbuka supu. Akapika mayai mwenyewe, yakaungua chini, akala. Ungesema kikosi hakikuwahi kuwa na kapteni.

Wewe umesema ulicheka. Mimi pia nilicheka, yule mbwa anayebweka kwa adabu ni yeye tupu. Sikujua kama Josette anafuga mbwa siku hizi. Sikujua kama amekata nywele. Konomi amekata, kwa mkasi wa karatasi, na amelia. Tangu Aprili sijui lolote linalompata yule mtoto, na sasa nakaa maktaba na wazee wa magazeti, nabahatisha lipi ni la hadithi na lipi ni lake.

Sura ya tatu Konomi anaanguka kwenye ngazi za shule mpya na kuvunjika mkono wa kushoto. Hakuna anayekwenda kumwona hospitali. Imeandikwa kwa mstari mmoja tu, kisha anaendelea na habari ya mbwa.

Nilipiga simu palepale, kwenye kibanda cha nje. Haikupokelewa. Baba yuko kambini, huko hakuna simu mpaka mwisho wa mwezi. Jioni nikapiga tena, kimya.

Basi nikarudi kwenye kompyuta, nikaandika kwenye maoni chini ya sura ya tatu, kama wanavyoandika wengine. Nikaweka jina langu kamili, sikuweka Theluji ya Juni. Nikamwuliza: “Mkono umevunjika kweli?”

Leo nimekuta jibu. Anawajibu wasomaji wake wote, mmoja mmoja, ana adabu kuliko nilivyomfundisha. Aliyesifu mbwa amejibiwa, aliyelalamika kuhusu sarufi amejibiwa. Na mimi nimejibiwa.

Ameandika: “Asante kwa kusoma.”

Odile